Kadi za Wanyama wa Kubuni na Tamaa ya Moyo

Somo: Luka 12:13–21



Mtu mmoja alitoka katikati ya makutano, akamwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Alidhani ya kuwa taabu yake yote ni ile mali iliyo mkononi mwa ndugu yake. Lakini Bwana hakukubali kufanywa mgawanyaji wa mali yao. Aliitazama taabu iliyo ndani zaidi, akawaonya wote waliosimama pale wajihadhari na choyo, kwa maana ghala iliyojaa haiwezi kumpa mtu uzima. Kisha akawapa mfano wa tajiri yule aliyeazimu kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, naye hakuiona asubuhi.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya swali ambalo wazazi na waalimu wa Kanisa huuliza. Wengi wetu tuna ndugu wanaokaa Marekani na Ulaya, na watoto wao wanapokuja kutuamkia huja na kadi ndogo zenye picha za majoka na wanyama wa ajabu. Watoto wetu huziona na kuzipenda. Ndipo watu huuliza: Kadi hizi ni nini? Je, si mambo ya pepo? Yafaa mtoto aliyebatizwa azishike?

Baba mmoja Mkristo anayekaa ng'ambo alimwandikia ndugu yake barua juu ya jambo hili. Alisema ya kuwa alikuta kadi nyingi chini ya kitanda cha mwanawe mwenye miaka kumi, akaogopa, akazichoma zote nyuma ya nyumba, na mtoto akitazama. Mtoto hakulia. Lakini tangu siku ile hataki kuomba pamoja na baba yake jioni. Na baba auliza: "Je, nilifanya vema?" Swali hili si dogo, maana hapo pana roho ya mtoto. Basi na tulijibu kwa utaratibu.

Kadi hizi ni nini?

Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Kadi hizi si karata tunazozijua, zenye kopa na uru, shupaza na pau. Mwaka 1993 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, jina lake Richard Garfield, alitunga mchezo uitwao Magic: The Gathering, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast. Katika mchezo huo kila mchezaji ana kadi zake mwenyewe, alizozichagua katika zile alizonunua au alizobadilishana na wenzake. Juu ya kadi pana picha, labda ya joka, au ya jitu, au ya askari, na chini yake maneno yanayoeleza uwezo wake. Kila mmoja huanza na uhai wa hesabu 20, naye aumalizaye uhai wa mwenzake ndiye mshindi.

Mwaka 1996 zilitoka Ujapani kadi za Pokémon. Asili yake ni mchezo wa mashine ndogo ya mkononi uliobuniwa na Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni mwake alipenda sana kukusanya wadudu. (Tajiri ni jina la ukoo wake kwa Kijapani, wala si neno letu.) Humo mna wanyama wengi wa kubuni: Pikachu, mdogo wa rangi ya manjano mwenye nguvu za umeme, Charizard, afananaye na joka, atemaye moto, na wengine mamia. Kila kadi huonyesha mnyama ana uhai kiasi gani, aweza kupiga kwa nguvu gani, na udhaifu wake ni nini. Mchezaji hupanga fungu la kadi 60, akashindana na mwenzake mezani. Kadi hizo zilianza kuuzwa Marekani kwa Kiingereza mwaka 1999, na kufika Machi 2024 zilizochapwa duniani zilikuwa zimepita bilioni 64.

Basi, katika jambo hili nataka tuangalie maneno matatu: picha, pakiti na bei.

1. Picha

Wazazi wengi huogopa picha. Nami nasema: tusiziogope kuliko ipasavyo. Sisi tuliokulia karibu na moto wa jioni twakumbuka hadithi za bibi zetu, za zimwi alaye watu, na nyoka mwenye vichwa saba, na sungura amdanganyaye fisi. Hapana aliyedhani ya kuwa bibi amwabudu zimwi. Tulicheka, tukaogopa kidogo, tukajifunza ya kuwa mdogo mwenye akili aweza kumshinda mkubwa mwenye nguvu.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayawaogopi wanyama wa ajabu. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 40 na ya 41, Mungu mwenyewe asimulia habari za Behemothi na Lewiathani, huyu ambaye kinywani mwake hutoka moto na puani mwake moshi. Naye asimulia kwa furaha ya Muumba aionaye kazi yake. Danieli aliwaona wanyama wanne wakipanda kutoka baharini. Na Adamu, kabla hajaanguka, aliletewa wanyama awatazame na kuwapa majina. Mtoto akumbukaye majina ya wanyama mia wa kadi zake, na uwezo wa kila mmoja, anatumia akili ile ile ambayo Mungu alimpa Adamu. Yafaa aongozwe atumie akili hiyo kuwajua na ndege wa mtini na mdudu wa majanini. Maana hata kadi hizi zilianza kwa mtoto aliyeinama kutazama wadudu.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, afundisha mambo mawili juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu. Kwanza, sanamu si kitu, kwa kuwa Mungu ni mmoja tu. Pili, aliye na ujuzi huu asiutumie kwa kumkwaza ndugu ambaye dhamiri yake ni dhaifu. Mambo haya mawili yatufaa na sisi. Wino na karatasi havina pepo. Walakini mtoto akilala na kadi chini ya mto wake ili imlinde usiku, au akiitia mfukoni siku ya mtihani ili impe bahati, hapo kadi imekuwa hirizi. Na hirizi twaijua, wala hatuna haja ya kufundishwa ubaya wake. Tena akiwapo mtoto mwingine ambaye picha hizo zamtia hofu, yule mwenye kadi azifiche, kwa upendo. Wala si kila picha inafaa. Mwaka 2020 kampuni ya mchezo wa Magic yenyewe iliziondoa kadi saba kwa sababu ya ubaguzi na kudharau watu. Ikiwa watengenezaji walirudi kuzipima kazi zao, mzazi Mkristo asione uvivu kupima kila picha iingiayo nyumbani mwake.

Wako wakumbukao habari ya Efeso, katika Matendo ya Mitume sura ya 19, jinsi watu walivyochoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande vya fedha 50,000. Wasema: Nasi tuchome vivyo hivyo. Lakini angalieni vema. Vitabu vile vilikuwa vya uganga uliotendwa kweli, wala si vya mchezo. Tena waliovichoma walikuwa wenyewe, nao walikuwa wameungama kwanza. Hapana mtu aliyechomewa vyake na mwingine. Toba haifanyiki kwa mkono wa mtu mwingine, hata akiwa baba.

Kwa hiyo namjibu baba yule kwa upendo: Ulitaka kumlinda mwanao, na nia hiyo ni njema, lakini ulichoma kabla ya kuuliza. Nenda kwake, keti naye, umwambie, "Mwanangu, niwie radhi." Heshima ya baba haipungui kwa neno hili. Mtoto aliyemsikia baba yake akiomba radhi ameona kwa macho yake jinsi mwenye dhambi anavyokwenda kwa Mungu, naye huenda akarudi kuomba pamoja naye jioni.

2. Pakiti iliyofungwa

Sasa nasema juu ya jambo ambalo wazazi wengi hawaliogopi, nami naona ya kuwa ndilo lenye hatari zaidi. Kadi hizi kwa desturi huuzwa katika pakiti zilizofungwa. Anunuaye hajui kilichomo. Pembeni mwa kadi ya Pokémon pana alama ndogo: duara maana yake ni ya kawaida, umbo la almasi, si ya kawaida sana, nyota, ni adimu. Mtoto hutoa fedha yake, hupasua pakiti, huzipitisha kadi upesi akitafuta nyota. Akikosa, husema, "Ya pili itakuwa nayo." Akipata, husema, "Leo nina bahati, niongeze moja." Basi akikosa anunua, na akipata anunua.

Sisemi ya kuwa kila pakiti ni kamari. Mtoto hupata kadi zake, na akizitumia kucheza na wenzake kwa furaha, hakuibiwa. Lakini moyo unafundishwa njia. Unafundishwa kudharau kilichopo mkononi kwa ajili ya kile kisichoonekana. Kadi tisa njema zatupwa sakafuni kwa kuwa ya kumi haikuwa nyota. Huku ndiko kukosa shukrani, nako ndiko mwanzo wa choyo ambacho Bwana alituonya. Wazee wetu walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma.

Na tusidhani ya kuwa jambo hili ni la watoto tu. Mei 2021, huko Brookfield katika jimbo la Wisconsin, Marekani, watu walipigana nje ya duka la Target kwa ajili ya kadi zenye picha za wanamichezo, hata mmoja akatoa bastola. Kampuni hiyo ikaacha kwa muda kuuza kadi hizo, na za Pokémon pamoja nazo, katika maduka yake. Agosti 2025 huko Ujapani, mikahawa ya McDonald's ilitoa kadi za Pokémon pamoja na chakula cha watoto. Walanguzi wakanunua vyakula vingi ili wazipate kadi wakaziuze, na chakula chenyewe kikatupwa. Kampuni ikaomba radhi. Tafakarini, ndugu zangu: chakula kilitupwa, karatasi ikachukuliwa! Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kitu kisipotee. Yeye aliyeweza kuumba mikate alivihesabu vipande. Na sisi tusioweza kuumba hata punje moja twatupa.

Na sisi ambao hatuna kadi hizi, je, tumepona? Pakiti iliyofungwa iko katika miji yetu kwa jina lingine. Kijana aliyepokea mshahara wake huuweka wote katika kubashiri mpira, akisema, "Safari hii huenda ikawa." Mama nyumbani angoja fedha ya unga. Tofauti iko wapi? Martin Luther, alipoieleza amri ya kwanza katika Katekisimu Kubwa, alifundisha ya kuwa kile ambacho moyo unakitegemea, hicho ndicho mungu wa mtu. Naye mwaka 1517 alisimama kupinga karatasi za msamaha zilizouzwa kwa fedha, kwa kuwa maskini walifundishwa kuweka tumaini lao mahali pasipo na tumaini. Kanisa letu, basi, lina sababu ya kukumbuka jinsi karatasi iwezavyo kuuteka moyo.

3. Bei

Neno la tatu ni bei. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gazeti la watoto la Ujapani lilifanya mashindano ya kuchora, na washindi wakapewa kadi ya Pikachu akiwa ameshika kalamu na brashi. Kadi 39 zilitolewa kwa njia hiyo. Mwaka 2021 moja katika hizo ilinunuliwa kwa dola 5,275,000. Yafaa tujue ni kwa nini. Karatasi yake si bora kuliko nyingine, wala picha yake haipitii nyingine zote kwa uzuri. Bei yake imetoka katika mambo mawili: ni chache, na hiyo moja haina doa.

Maana ziko kampuni zinazopima kadi. Mwenye kadi huipeleka, nayo hutazamwa pembe zake, kingo zake, uso wake na jinsi picha ilivyokaa katikati. Kisha hupewa alama toka 1 hata 10, ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu. Mwaka 2021 kampuni ya PSA ya Marekani ililetewa kadi nyingi mno hata ikaacha kwa muda kupokea nyingi zaidi. Kadi iliyochezewa na mtoto, ikakunjika pembe, hupata alama ndogo. Iliyofichwa pasipo kuchezewa hata siku moja, hiyo ndiyo yenye bei kubwa. Kwa hiyo kitu kilichofanywa kwa ajili ya mchezo chapata thamani kwa kukatazwa kazi yake. Huyu si ndugu wa tajiri wa ghala? Nafaka nayo ilifanywa iliwe, naye aliifungia.

Sasa sikieni habari njema, maana Mungu hapimi hivyo. Kwake hapana duara wala nyota pembeni mwa mtoto. Hatupendi kwa kuwa tu wachache, wala kwa kuwa hatuna doa. Amemwita kila mmoja kwa jina lake katika maji ya Ubatizo: mtoto wa mjane, mtoto kiwete, mtoto aliyefeli mtihani, na mzee aliyekunjika pembe zote kwa miaka na maradhi. Mtume Petro aandika katika waraka wake wa kwanza ya kuwa bei yetu haikulipwa kwa fedha wala dhahabu, ila kwa damu ya Kristo. Na Bwana alipofufuka hakuondoa alama za misumari mikononi mwake. Aliwaonyesha wanafunzi, na kwazo Tomaso akamjua. Wapimaji wa dunia wangaliona kovu na kupunguza alama. Mungu ameyafanya makovu hayo kuwa wokovu wetu.

Liko na neno moja jema juu ya kadi hizo za Pokémon: mnyama mwenye nguvu huandikiwa udhaifu wake waziwazi, kila mtu ausome. Charizard, pamoja na moto wake wote, tangu kadi zake za kwanza ameandikiwa ya kuwa huumizwa na maji. Sisi twaandika nguvu zetu kwa herufi kubwa na kuuficha udhaifu wetu. Paulo hakufanya hivyo. Aliutaja udhaifu wake, akaona ya kuwa hapo ndipo neema ya Kristo inapokaa.

Basi tufanyeje?

Kwenu wazazi: ketini na mtoto, mmwambie, "Nifundishe mchezo huu." Katika saa moja mtajua mengi kuliko katika mwezi wa kuogopa. Wekeni kipimo cha fedha, tena kijulikane. Pakiti isinunuliwe kwa deni, wala kwa fedha ya sadaka au ya daftari za shule. Mtoto akipenda kadi fulani, yafaa zaidi aitafute hiyo moja kwa kubadilishana au kwa kununua peke yake, kuliko kupasua pakiti kumi akiitafuta.

Kwenu waalimu wa Kanisa: kadi hizi zaweza kuwasaidia kufundisha amri ya saba. Mtoto mkubwa ajuaye bei humpa mdogo kadi tatu zinazong'aa, zisizo na thamani, ili achukue moja iliyo ya thamani. Naye mdogo hufurahi, kwa kuwa hajui. Waulizeni watoto: "Je, huu ni wizi?" Mtasikia majibu mengi. Wafundisheni ya kuwa Mungu aona na biashara ya sakafuni, na ya kuwa amri yataka tumsaidie jirani kuilinda mali yake, hata asipojua thamani yake. Mtoto aliyejifunza uaminifu katika kadi moja atakuwa mwaminifu katika mizani ya duka.

Na kwetu sote: tuliporudi kusoma somo letu, tulimwona mtu aliyemshitaki ndugu yake kwa ajili ya urithi. Ni wangapi miongoni mwetu walio katika baraza na mahakama wakigombea shamba la baba yao aliyekufa? Mtu aweza kuchoma kadi za mtoto wake Jumamosi, akasifiwa kwa wivu wake wa dini, na Jumatatu akaondoka kwenda kumnyang'anya ndugu yake migomba kumi. Mtoto huona yote mawili, naye hujua ni lipi baba analoliamini kweli.

Usiku ule tajiri alipoitwa, ghala zake zilibaki. Nasi tutakapoitwa, kadi zitabaki katika plastiki yake, na mashamba yatabaki katika mipaka yake. Tutakwenda na jina lile tu tuliloitiwa katika Ubatizo. Heri mtu aliyeanza mapema kuona ya kuwa jina hilo latosha.

Tuombe: Bwana Mungu, Baba yetu, uliyewaumba wanyama wa nchi kavu na wa baharini, nasi ukatupa akili ya kuwastaajabia, utulinde na choyo. Uwape wazazi hekima na upole, na watoto mioyo ya shukrani. Utufundishe kufurahia kilichomo mkononi na kumgawia jirani, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.